Seremala na Tela Lake Mlimani

Katika nchi ya Marekani liko jimbo liitwalo Kansas. Sehemu kubwa ya jimbo hilo ni uwanda wa mashamba ya ngano na malisho ya ng'ombe, na mtu aweza kusafiri humo kutwa nzima asione mlima. Barabara zake zimenyoka kama uzi wa seremala, na motokaa hukimbia saa nyingi bila dereva kugusa breki ila mara chache.

Katika mji mmoja mdogo wa uwanda huo alikuwako seremala, mwenye mke na watoto wawili, mvulana na msichana. Alikuwa fundi hodari. Milango aliyoitengeneza haikukwama, wala meza zake hazikuyumba. Watoto wake walikuwa wamesoma shuleni habari za milima ya Rocky, iliyo upande wa magharibi katika jimbo la Colorado, wakamsihi baba yao awapeleke kuiona. Seremala akafikiri. Kulala hotelini kila usiku ni gharama kubwa kwa watu wanne. Na kulala hemani ni taabu, kwa maana juu ya milima ile usiku una baridi kali hata katikati ya majira ya joto. Basi akaazimu kujenga nyumba ndogo ya mbao juu ya magurudumu mawili, aivute kama tela nyuma ya motokaa yake.

Desturi ya kujenga nyumba za namna hiyo si ngeni Marekani. Ilienea katika miaka ya 1920 na 1930, watu wengi walipopata motokaa. Mmoja wa waanzilishi alikuwa Wally Byam wa Los Angeles, ambaye alijijengea tela, akawauzia watu wengine ramani zake, na baadaye akaanzisha kiwanda cha Airstream. Tangu mwaka 1959 mpaka 1960 mtu huyo aliongoza msafara wa matela 41 kutoka Cape Town mpaka Cairo, wakapita Afrika ya Mashariki na milima ya Uhabeshi. Hata hivyo watu wengi hawakununua tela la kiwandani. Walijenga wenyewe, na wako wanaojenga mpaka leo. Wengi wao hujenga tela dogo lenye umbo la tone la maji, ambalo upana wake ni futi 4 na urefu wake futi 8, kwa sababu ndicho kipimo cha ubao mmoja wa plaiwudi.

Seremala wa Kansas alitaka kubwa zaidi. Alinunua ekseli kuukuu, akaunga fremu ya chuma, akasimamisha kuta, akaezeka, akapaka rangi. Kazi hiyo ilichukua majira yote ya baridi. Ndani aliweka vitanda vinne vya kukunja, kabati mbili na meza. Mlango wa nyuma ulipofunguliwa lilionekana jiko, na chini ya jiko pipa la maji la lita 80. Mkewe akatia sufuria, mablanketi na chakula. Watoto wakatia vitabu na michezo yao. Naye mwenyewe akatia sanduku la zana. Kila kitu kilikuwa kidogo, lakini haba na haba hujaza kibaba.

Jirani yake alimwuliza, "Tela lako lina uzito gani, bwana?"

Akajibu, "Halizidi kilo 600."

Jibu hilo alilitoa kwa kukisia. Fundi huyu, ambaye hakukata ubao hata mmoja bila kuupima mara mbili, hakulipima tela lake hata mara moja. Wala hakulitia breki. Katika majimbo mengi ya Marekani sheria hailazimishi tela kuwa na breki zake lenyewe mpaka uzito wake ufikie ratli 3,000, yaani kilo 1,360 hivi. Naye akadhani kwamba jambo lisilokatazwa na sheria halina hatari.

Kupanda

Walisafiri siku ya kwanza katika uwanda kwa furaha. Kila lori kubwa lilipowapita, tela liliyumba kushoto na kulia mara mbili tatu, kisha likatulia. Seremala akasema, "Ni upepo," akaendelea na safari.

Siku ya pili wakafika Denver, mji mkuu wa Colorado. Mji huo uko meta 1,609 juu ya usawa wa bahari, yaani maili moja kamili, na kwa sababu hiyo huitwa Mji wa Maili Moja. Kutoka hapo barabara kuu yaelekea magharibi, na kwa mwendo wa karibu kilometa 100 yapanda mpaka kwenye handaki la Eisenhower, lenye kimo cha meta 3,401. Handaki hilo lilifunguliwa mwaka 1973, na la pili kando yake mwaka 1979. Zamani magari ya njia hiyo yalipanda juu zaidi, yakavuka mgongo wa milima mahali paitwapo Loveland, kwenye kimo cha meta 3,655.

Motokaa ya seremala ilianza kupanda, na baada ya muda mwendo wake ukapungua. Jambo hili lina sababu zake. Kwanza, injini sasa haikuwa ikivuta mzigo mbele tu, bali ilikuwa ikiuinua. Pili, hewa ya milimani ni nyepesi. Petroli haiwaki bila hewa, na hewa ikipungua, nguvu ya injini hupungua pia. Injini isiyokuwa na mashine ya kuisukumia hewa hupoteza kadiri ya sehemu 3 katika 100 za nguvu zake kwa kila meta 300 za kupanda. Hata ifikapo meta 3,400 imekwisha kupoteza karibu theluthi moja ya nguvu iliyokuwa nayo pwani. Kwa sababu hiyo hiyo ya hewa nyepesi, sufuria ya maji ikitelekwa huko juu huchemka kwa joto la digrii 89 hivi badala ya 100, na maharagwe huchukua muda mrefu kuiva.

Mshale wa joto la injini ulipoanza kupanda, seremala alisimama katika mji mdogo wa Georgetown ili injini ipoe. Alifanya vema. Hapo palikuwa na mzee mmoja, dereva wa lori, akinywa kahawa kivulini. Mzee akalizunguka tela, akalitazama kwa makini.

"Bwana, umelijenga mwenyewe?" akauliza.

"Nimelijenga mwenyewe."

"Kazi nzuri. Lina breki?"

"Halina. Ni jepesi."

"Huku mlimani hakuna tela jepesi," akasema mzee. "Sikiliza, bwana. Wakati wa kupanda, injini ikichoka hukuambia. Hupata joto, hupunguza mwendo, nawe husimama kama ulivyosimama sasa. Lakini mteremko haukuambii neno. Utaona raha tupu mpaka breki zimekwisha. Kwa hiyo tia gia ya chini kabla hujaanza kushuka, ile ile ambayo ungeihitaji kama ungeupanda mteremko huo. Usingoje mpaka mwendo umezidi. Mwenda pole hajikwai."

Seremala akamshukuru kwa adabu, lakini moyoni alisema kwamba shauri hilo ni la watu wa malori.

Mteremko

Handaki la Eisenhower lina urefu wa kilometa 2.7, nalo lapita chini ya mgongo wa bara. Maji ya mvua inyeshayo upande wa mashariki wa mgongo huo hushuka mto kwa mto mpaka Ghuba ya Mexico; ya upande wa magharibi huingia mto Colorado, uelekeao bahari ya Pasifiki. Watoto walishangilia walipotokea upande wa pili, wakaona vilele vyenye theluji pande zote.

Kutoka mlango huo wa magharibi barabara yashuka mfululizo kwa kilometa 13 hivi mpaka bonde la Silverthorne, karibu meta 700 chini. Mahali pengi mteremko wake ni wa sehemu 6 au 7 katika 100. Maana yake, kwa kila meta 100 za mwendo, barabara yashuka meta 6 au 7. Kwa macho ya mtu wa uwanda mteremko huo hauonekani mkali, kwa kuwa barabara ni pana na laini.

Seremala aliiacha motokaa katika gia ya juu. Mwendo ulipofika kilometa 100 kwa saa, aliweka mguu juu ya breki, wala hakuuondoa tena.

Hapa yafaa kufahamu kazi ya breki. Breki haziiharibu nguvu ya mwendo. Huigeuza iwe joto. Motokaa ile, pamoja na watu wake, ilikuwa na uzito wa kilo 2,000 hivi, na pamoja na tela jumla ilikaribia kilo 2,900. Uzito kama huo ukishuka meta 700 hutoa nguvu ambayo, ikigeuzwa yote kuwa joto, yaweza kuchemsha karibu madebe matatu ya maji baridi. Sehemu ya nguvu hiyo huchukuliwa na upepo na msuguano wa magurudumu. Sehemu nyingine kubwa huweza kuchukuliwa na injini, kama dereva ametia gia ya chini, kwa maana hapo magurudumu hulazimika kuizungusha injini, nayo huyapinga. Inayosalia yote huingia katika breki, yaani vipande vichache vya chuma ambavyo mtu aweza kuvichukua vyote katika karai moja.

Kwa kuwa gia ilikuwa ya juu, injini haikusaidia. Kwa kuwa tela halikuwa na breki, breki za motokaa zilibeba kazi ya magari mawili. Baada ya kilometa 5 msichana akasema, "Baba, kuna kitu kinanuka kama nguo iliyoungua."

Seremala akakanyaga kwa nguvu zaidi, lakini mwendo haukupungua. Vipande vya breki vikipata joto kupita kiasi, msuguano wake hupungua. Na balaa ya pili ikafuata. Nguvu ya mguu wa dereva hupelekwa mpaka kwenye magurudumu kwa mafuta maalum yaliyomo ndani ya mabomba membamba. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa mwaka baada ya mwaka, na yakiisha kuzeeka huchemka upesi. Yakichemka hutoa mvuke; na mvuke, tofauti na mafuta, hubonyea kama mpira wenye pumzi. Mafuta ya motokaa ile hayakubadilishwa kwa miaka mingi. Seremala alikanyaga tena, na kikanyagio kikazama mpaka sakafuni pasipo kushika kitu.

Wakati huo huo tela likaanza kuyumba. Lilivuta nyuma ya motokaa kushoto, kisha kulia, kila mara kwa nguvu kuliko mara iliyotangulia. Mama akawakumbatia watoto. Hakuna aliyepiga kelele.

Mbele, upande wa kulia, palikuwa na kibao chenye kuonyesha njia ya kuokolea magari yaliyopoteza breki. Katika mteremko ule ziko njia za namna hiyo. Ni kipande cha barabara kinachochepuka na kupanda, nacho kimejazwa kokoto nyingi zisizoshindiliwa, ili magurudumu yazame humo na gari lisimame. Seremala akashika usukani kwa mikono miwili, akaelekeza motokaa humo. Kokoto ziliruka kama mvua ya mawe. Motokaa ikazama, tela likaipiga kwa nyuma, likapinda, likalala ubavu. Kisha pakawa kimya.

Watu wote wanne walitoka wazima. Kuta za tela zilikuwa zimepasuka, na sufuria na vitabu vimetapakaa katika kokoto. Seremala aliketi chini kwa sababu miguu yake ilikataa kumchukua. Baada ya robo saa lori la yule mzee wa Georgetown likashuka pole pole, injini yake ikinguruma kwa gia ya chini. Mzee akasimama salama kando ya njia, akaenda kuwapa watoto maji ya kunywa. Hakumkumbusha seremala neno lolote, wala haikuwa lazima.

Makosa Matatu

Gari la kuvutia lilipowafikisha bondeni, seremala alitaka tela lipimwe pamoja na vitu vyake vyote. Mizani ikaonyesha kilo 940. Sehemu ya mbele, inayolala juu ya tufe la chuma la motokaa, ilipopimwa peke yake ilikuwa kilo 40 tu. Hapo akayaona makosa yake, nayo yalikuwa matatu.

Kosa la kwanza ni kukisia uzito. Ubao mmoja, blanketi moja, debe moja la maji, hakuna kati ya hivyo kinachoonekana kizito. Lakini tofauti ya kilo 600 na kilo 940 ni zaidi ya uzito wa watu wanne wazima.

Kosa la pili ni kupanga mzigo vibaya. Mtu avutaye mkokoteni ajua kwamba mzigo ukiwekwa nyuma sana, mishikio huinuka, na mkokoteni hauongozeki. Ndivyo ilivyo kwa tela. Desturi ya mafundi wa Marekani ni kwamba sehemu 10 mpaka 15 katika kila 100 za uzito wa tela zilalie motokaa. Kwa tela lile ingalipasa kuwa kilo 94 mpaka 141. Lakini jiko na pipa la maji vilikuwa nyuma ya magurudumu, vikaiinua sehemu ya mbele. Tela la namna hiyo hutikisika kwa upepo wa lori likiwa uwandani, na likiwa mteremkoni huisukuma motokaa kwa nyuma na kuipindua. Lile yumbo la siku ya kwanza lilikuwa onyo, naye akaliita upepo.

Kosa la tatu ni kushuka kwa gia ya juu na kuegemea breki. Breki zenye kukanyagwa bila kuachiwa hazipati nafasi ya kupoa. Tena, mwendo ukiwa mara mbili, nguvu yake huwa mara nne. Kwa hiyo ashukaye kwa kilometa 100 kwa saa ana nguvu mara nne ya kuizuia, akilinganishwa na ashukaye kwa 50.

Safari ya Pili

Seremala angaliweza kuliuza tela lake kwa bei ya kuni. Lakini watoto walikuwa hawajaona milima ila kwa hofu, naye hakupenda waikumbuke hivyo. Akalirudisha nyumbani, na majira ya baridi yaliyofuata akalijenga upya.

Safari hii kila kitu kilipita mizanini kabla ya kuingia. Akatoa kabati moja, akabadili mbao nene kwa nyembamba. Pipa la maji akalihamisha mbele ya magurudumu, akaazimu kusafiri nalo likiwa tupu na kulijaza mahali pa kulala, kwa kuwa kila lita ya maji ni kilo moja ya mzigo. Tela likapimwa kilo 780, na kilo 90 kati ya hizo zikalalia motokaa.

Kisha akaweka breki za umeme katika magurudumu ya tela, ingawa sheria haikumlazimisha. Breki hizo hufanya kazi pamoja na za motokaa. Tena dereva ana kifaa kidogo karibu na usukani, ambacho kwa hicho aweza kufunga breki za tela peke yake. Hiyo ndiyo dawa ya tela liyumbalo: dereva huondoa mguu katika mafuta, hushika usukani sawasawa, haikanyagi breki ya motokaa kwa ghafula, bali hulivuta tela nyuma kwa breki zake lenyewe mpaka linyoke.

Chini ya kiungo akafunga minyororo miwili iliyopishana, ili kiungo kikiachia, sehemu ya mbele ya tela idakwe isichimbe barabara. Akaweka na waya uliofungwa kwenye motokaa. Tela likikatika kabisa, waya huvuta swichi, na betri iliyomo ndani ya tela hufunga breki. Akatia grisi mpya katika beringi, akabadilisha mipira iliyozeeka, na mafuta ya breki za motokaa akayamwaga yote na kutia mapya. Walipokwisha kwenda kilometa 80 alisimama akakaza tena nati za magurudumu, kwa maana nati zilizofungwa karibuni huweza kulegea.

Wakapanda tena kutoka Denver. Malori yaliwapita uwandani, na tela halikuyumba. Georgetown walipumzika, wakamtafuta yule mzee kwa macho wasimwone. Wakaingia handakini. Kabla ya kutokea upande wa pili seremala alipunguza mwendo, akatia gia ya chini. Hata motokaa zinazobadilisha gia zenyewe zina mahali pa kumwezesha dereva kuichagua.

Injini ikanguruma. Mwendo ukakaa kilometa 55 kwa saa, wala haukuzidi kwa haraka. Ulipoanza kupanda, seremala alikanyaga breki kwa imara kwa muda mfupi, mwendo ukashuka mpaka 45, kisha akaondoa mguu kabisa ili breki zipate kupoa. Akafanya hivyo mara baada ya mara, akikaa upande wa kulia wa barabara ili wenye haraka wapite.

Mvulana akasema, "Baba, mbona kila gari linatupita?"

Baba yake akajibu, "Wacha yapite. Sisi tunafika."

Walipokaribia ile njia ya kokoto, hapana aliyesema neno. Msichana aliitazama mpaka ilipobaki nyuma.

Bondeni seremala alisimama, akaupeleka mgongo wa mkono wake karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Yote yalikuwa na joto la kadiri, wala hapakuwa na harufu. Jioni hiyo walipiga kambi karibu na ziwa la Dillon, na asubuhi watoto wakafungua mlango wa tela wakaona milima imesimama ndani ya maji.

Kanuni aliyojifunza seremala si ya Marekani peke yake. Lori lenye tela lishukalo milima ya Kitonga katika njia ya Iringa laongozwa na kanuni ile ile: lipime uzito wako, upange mzigo, utie gia ya chini ukiwa bado juu. Uzito haujui kama wavutwa na lori kubwa au na motokaa ya watu wanne. Wakati wa kupanda humchosha avutaye, naye apata nafasi ya kujirudi. Wakati wa kushuka humsukuma, na nafasi ya kujirudi ameiacha juu.

Maswali

1. Seremala alisema tela lake lina uzito gani, na mizani ilionyesha nini? Tofauti ni kilo ngapi?

2. Kwa nini injini hupoteza nguvu milimani?

3. Eleza maana ya mteremko wa sehemu 7 katika 100. Barabara ya namna hiyo yashuka meta ngapi kwa mwendo wa kilometa 3?

4. Tela la kilo 800 lapasa kuilalia motokaa kwa kilo ngapi? Tumia kipimo cha sehemu 10 mpaka 15 katika 100.

5. Kwa nini kikanyagio cha breki kilizama mpaka sakafuni?

6. Sheria haikumlazimisha seremala kuweka breki katika tela. Je, alikuwa na haki ya kusema kwamba hana kosa? Toa sababu zako.

7. Eleza maana ya methali "Haba na haba hujaza kibaba" kwa mfano wa habari hii, kisha kwa mfano wa nyumbani kwenu.

8. Chukua mkokoteni, utie mzigo nyuma, kisha uuhamishe mbele. Andika mistari mitano kueleza ulivyoona.